Buloni Isiyo na Rangi

Mukalay aliposhuka nyuma ya baiskeli ya Mwenze, muuza makala, yale makaa ya kupikia, miguu yake ilikuwa imekufa ganzi na suruali imekuwa nyeusi hata ungedhani alizaliwa ndani ya gunia. Toka Kolwezi mpaka ng'ambo ya Nzilo hakuwa amesema neno. Mwenze, ambaye ulimi wake haujapumzika tangu siku ya ubatizo, alikuwa amemsimulia habari za mbuzi wa shangazi yake aliyekunywa mazutu ya lori akapanda kilima kwa kasi kuliko lori lenyewe, akateremka upande wa pili bila breki, akaingia kanisani watu wakiwa wanatoa sadaka. Mukalay hakucheka.

"Weye uko mugonjwa?" Mwenze aliuliza akijifuta jasho.

"Hapana."

"Basi ni mapenzi. Ile haina dawa. Mi nitakungojea pa kivuli."

Begani Mukalay alikuwa amening'iniza mfuko wa funguo, zile spana za ufundi wake. Chini ya funguo, imefungwa katika gazeti la zamani, ililala joint mpya, ule ubamba mwembamba wenye matundu unaokaa kati ya injini na kichwa chake, kulasi, ili maji na mafuta na moto kila kimoja kikae kwake. Kitu chepesi, hakizidi chapati. Lakini njia nzima kilikuwa kimemlemea kama jiwe la kaburi.

Maana ujumbe alioletewa ulikuwa mfupi: "Nafisa amekufa njiani, nyuma ya Nzilo. Mukalay akuye mbio." Hakuna aliyesema Nafisa amekufa kwa ugonjwa gani. Aliyeujua ule ugonjwa alikuwa mtu mmoja tu, na ndiye aliyeutia.

Nafisa lilikuwa lori. Sadiki, msafirishaji ambaye babu zake walitoka Kasongo, alilipa jina la mkewe ili mke asione wivu kwa muda wote ambao bwana alilala chini yake. Lilikuwa zee, Nafisa, zee hata watu walisema lilifika Katanga kabla ya barabara, likangoja barabara zitengenezwe. Sasa lilisimama katikati ya kilima, pua imefunguliwa, na pembeni yake watu wamekaa juu ya magodoro yao kama watu waliosahauliwa na gari moshi.

Ndio ulikuwa mwaka ule, tisini na tatu, kampuni ya migodi imeanguka, shule ya ufundi imefungwa, na watu wa asili ya Kasai wanaambiwa warudi kwao, hata wale ambao Kasai waliijua kwa kuimbiwa na bibi zao tu. Familia ya mzee Mukuna, tata Mukuna kama wote walivyomwita, ilikuwa imelala wiki na wiki pale stesheni, chini ya magunia, ikingojea treni iliyojaa kabla ya kufika. Mwishowe Sadiki akakubali kuwapeleka mpaka Kamina, wakatafute treni huko.

Tata Mukuna alikuwa karani maisha yake yote. Hata hapa porini alivaa tai, na mapajani alipakata saa ya ukutani. Mkewe, mama Elise, alilala ubavu chini ya kitenge. Alipokohoa, kitenge chote kiliruka.

"Docteur ya Nafisa amefika!" Sadiki alipaza sauti, mikono juu. "Bwana Mukalay, mke wangu anatoa moshi mweupe kama papa wa Roma amechaguliwa! Malori mengine yalipita jana, yakatupigia honi ya pole, yakaenda zao. Tumelala hapa na mvua yote."

"Mvua?" Mukalay aliuliza.

"Si mvua tu. Mbingu ilimwaga ndoo na ndoo yenyewe."

Mukalay aliangalia kitenge kikiruka tena. Hapo ndipo aliposikia sauti aliyoijua hata katika kelele za karakana nzima.

"Mukalay. Umefika."

Ndaya, binti wa tata Mukuna, alitoka nyuma ya lori akijipangusa mikono kwa kitambaa. Alikuwa amefunga kichwa kwa leso ya kijani, na mafuta ya injini yamemchora shavuni, palepale ambapo siku moja, nyuma ya ghala la shule, Mukalay alithubutu kuweka midomo yake. Alimtazama. Zamani Ndaya akimtazama, macho yake yalikuja yakicheka kabla yeye hajafika. Leo yalikuja peke yake.

"Ndaya... mi nilikuja mbio."

"Nimeona," alisema. "Fungua, uone."

Katika sehemu ya mekanika pale shule, Ndaya alikuwa msichana peke yake, na katika kuchora injini hakuna mvulana aliyemkaribia. Mwaka wa mwisho yeye na Mukalay walibuni injini ndogo ya silinda moja. Ndaya aliichora yote, toka pistoni mpaka tundu la mwisho la mafuta, na Mukalay akaichonga. Pistoni waliimimina kwa aluminiamu ya sufuria kubwa ya mama Elise, ambaye alitafuta sufuria yake mtaa mzima. Siku ya kuipima waliifunga juu ya meza ya chuma, wakazungusha kamba kwenye gurudumu lake na kuning'iniza ndoo ya mawe, ili waone itavuta mzigo gani kabla haijachoka. Mlipuko wa kwanza ulikuwa mkubwa hata pasta mmoja wa mtaa wa Kasulo alitoka na sanduku lake tayari, akidhani Bwana amerudi. Wa pili ukafuatana na wa tatu, injini ikashika, ndoo ikapanda, na Ndaya akamrukia Mukalay shingoni mbele ya darasa zima.

Mwalimu wao, tata Kalenga, alikuwa na sheria moja ambayo aliwapiga kwayo masikioni kila siku. Kulasi inakazwa mara mbili. Mara ya kwanza ikiwa baridi. Kisha injini inawashwa, inapata moto, inaachwa ipoe kabisa, na buloni zote, zile bolti zinazoishika kulasi, zinakazwa tena, kuanzia katikati kwenda nje, kwa sababu joint mpya ikipata moto inajibana na buloni zinabaki zimelegea. Ukimaliza ile mara ya pili, unatia alama ya rangi juu ya kila buloni. Rangi ilipokwisha shuleni, Ndaya alileta kichupa chake cha rangi ya kucha, nyekundu. Tangu hapo kila injini iliyotoka mikononi mwao ilikuwa na kucha zilizopambwa, na wanafunzi wengine walicheka wakachoka.

"Buloni bila rangi inaita mutu mwenye aliianza," tata Kalenga alizoea kusema. "Hata akiwa wapi, arudiye."

Lori la Sadiki, Mukalay alilitengeneza peke yake, Ndaya akiwa stesheni na wazazi wake. Alikuwa amekwisha kupiga hodi pande zote mbili, kuomba amwoe Ndaya. Mama yake mwenyewe, mama Ernestine, alimwambia, "Ule mutoto ni muzuri, lakini batu batasema nini?" Tata Mukuna naye alimjibu akikaza tai yake, "Mi niache binti yangu kwa batu banatufukuza? Hapana, kijana. Hata kama weye haukufukuza mutu."

Basi Mukalay akakaza kulasi mara moja, akawasha, akaiacha ipoe. Kisha akakaa mbele yake na ufunguo mkononi, akifikiri. Iwapo hataikaza tena, Nafisa atachemka kwenye mlima wa kutoka mjini. Watashuka. Watarudi. Atakuwa na siku chache za kumwona Ndaya, za kumlilia tata Mukuna, labda dunia nayo itatulia. Akaweka ufunguo chini.

Injini lakini haisomi kichwa cha mtu. Asubuhi ya safari ilikuwa na baridi, Sadiki akaendesha polepole kwa heshima ya saa ya tata Mukuna, na Nafisa akapanda ule mlima kama bibi harusi. Alingoja mpaka huku, porini, ndipo akafa. Na kule Kolwezi, ndani ya nyumba ya kina Ndaya, kulikuwa na watu wengine wanapika.

Mukalay alifungua kifuniko cha juu. Buloni zilimtazama, kavu, zote bila rangi. Na skrubu za kile kifuniko zilikuwa zimefunguka kwa urahisi mno, kama zilizokwisha kufunguliwa muda si mrefu.

Sadiki alikuwa ameteremka mtoni kuchota maji. Mukalay akashusha mfuko, akatoa funguo, na mkono wake, uliozoea kazi kuliko uongo, ukatoa gazeti na kulikunjua. Joint mpya iling'aa juani.

Ndaya aliitazama. Kisha akamtazama yeye.

"Nani alikuambia ni joint?"

Mukalay alianza kulikunja tena gazeti.

"Mwenze haijui moteur, haijui hata mbuzi. Tata Sadiki anasema ni radiateur, ile ya maji. Mi nilifungua, nikaona, nikafunga, sikuambia mutu. Basi nani alikuambia?"

"Ndaya..."

"Nilisema labda alisahau. Nilikaa na ile neno usiku yote, mama anakohoa kichwa yake juu ya miguu yangu. Mukalay alisahau. Alikuwa na mawazo, alisahau. Nilikupangia sababu muzuri kabisa!" Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa. "Halafu unakuja na joint ndani ya mufuko."

"Nilitaka murudi. Kwenye mulima ya mujini tu. Si huku."

"Turudi wapi?"

Mukalay aliangalia barabara waliyotoka. Alitaka kumwambia kwamba alimpenda, lakini neno lenyewe lilikuwa na mafuta machafu siku ile.

"Kamata ufunguo," Ndaya alisema. "Saa Tata Sadiki anafika, akute buloni zote ziko chini."

Walifanya kazi kama walivyofanya shuleni, bila kuelezana. Mmoja akinyoosha mkono, mwingine ameshaweka ufunguo ndani yake. Hilo ndilo lililomuumiza Mukalay kuliko matusi: mikono yao haikuwa imeambiwa kwamba kuna ugomvi. Sadiki na wanaume wawili walinyanyua kulasi huku wakimwita Mungu kwa majina yake yote ya Kiarabu na Kiluba. Joint ya zamani ilitoka imelambwa na moto upande mmoja. Wakasafisha, wakaweka mpya, wakarudisha kulasi, wakakaza mara ya kwanza. Wakapima nafasi ya soupape, vali za injini, wakatia maji.

Nafisa akawaka. Akakohoa, akatetemeka, akatulia katika mngurumo mzuri. Watu juu ya magodoro walipiga makofi, na mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Sadiki akaibusu taa ya mbele.

"Tunapanda!" akasema.

"Bado," Ndaya alisema. "Apate moto, halafu apoe. Halafu tunakaza mara ya pili."

"Mara ya pili ya nini tena? Si amepona?"

Ndaya hakumtazama Mukalay. "Ni mara ya pili, ikikosa, njo inabakizaka batu njiani, tata Sadiki."

Basi wakangoja. Hakuna wa kuiharakisha injini inayopoa, hata ungekuwa gavana. Tata Mukuna akamwita Mukalay kwa kidole, kama alivyowaita makarani wadogo zamani. Alikuwa amekaza tai upya.

"Kaa chini, mwana wangu."

Neno hilo, mwana wangu, Mukalay alikuwa amelingojea mwaka mzima. Lilimpiga kama kofi.

"Jana malori yalipita," tata Mukuna alisema. "Ndani mulikuwa batu yetu, batu tulikula nabo. Hapana mumoya alisimama. Na weye, mutoto wa kule, umekuja juu ya baiskeli ya makala, mwili muzima umekuwa mweusi kama musiba, juu ya sisi. Mi ni mutu wa bureau. Nikikosea, ninafuta, ninaandika upya. Nilikukatalia binti yangu. Nilikosea." Akamgeukia Ndaya, aliyekuwa amesimama karibu na gurudumu. "Kama anataka kubakia na weye, abakie. Mbele ya mama yake ninasema. Ile kitu ulikuja kuomba kwangu, nakupa."

Mama Elise alijiinua kwa kiwiko. "Ulikula sufuria yangu," alimwambia Mukalay akitabasamu, kisha kikohozi kikamrudisha chini.

Mukalay alimtafuta Ndaya kwa macho. Ndaya alimtazama tu. Hakutikisa kichwa, hakufumba jicho. Angeweza kusema neno moja na kila kitu kikaanguka. Hakulisema. Ilikuwa juu ya Mukalay kunyoosha mkono na kuchukua, na alichokitaka kuliko pumzi yake kilikuwa pale, na leso ya kijani kichwani.

Akafungua mdomo kusema aksanti, tata.

"Buloni ni mi niliziacha," alisema.

"Buloni gani?"

"Za Nafisa. Mi nilijua zitalegea. Niliacha makusudi, tata, juu gari isimame, juu Ndaya arudiye. Si bahati mubaya. Ni mi."

Sadiki, aliyekuwa akitafuna muwa, alisahau kumeza. Tata Mukuna aliishusha saa yake chini, polepole, uso wake ukielekea udongo.

"Mama Elise alilala chini ya mvua. Ulijua?"

"Tata, mi sikutaka..."

"Sikuuliza kama ulitaka. Ulijua inaweza?"

Mukalay aliinamisha kichwa. "Nilijua gari inaweza kusimama fasi yoyote. Nilijikataza kuiwaza."

Tata Mukuna akamgeukia binti yake. "Na weye?"

"Niliona jana, tata."

"Njo ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

Mzee aliiokota saa yake, akaipangusa udongo. Kisha akasema, bila kumwita tena mwana, "Gari ipande hii mulima mbele jua haijaingia. Ile neno nilisema, nimeirudisha."

Ni mama Elise aliyemwita Mukalay kwanza. Alinyoosha mkono kutoka chini ya kitenge, na kiganjani mlikuwa na kipande cha muhogo uliochomwa.

"Kula."

"Mama, mi siwezi."

"Kwanza ulikula sufuria, sasa umekula na barabara, muhogo njo unashindwa? Kula. Mutu wa njaa hakazaka muzuri, na mi sitaki kulala huku tena."

Aliula. Hajawahi, hata baadaye katika maisha yake, kumeza kitu kigumu kama ule muhogo.

Nafisa alipokuwa amepoa hata Ndaya akaweza kulaza kiganja chake chote juu ya chuma, walipanda tena, mmoja kila upande. Ndaya akatoa kichupa kutoka pindo la kitenge. Rangi ilibaki chini kabisa.

"Katikati," aliita.

Mukalay akakaza. Buloni ikazunguka kidogo, ikalia, ikashika. Ndaya akatia tone jekundu.

"Ya kushoto."

Akakaza.

"Sababu ya nini ulisema?" Ndaya aliuliza kwa sauti ya chini. "Mi singesema. Ulijua singesema."

"Njo hiyo sababu."

"Ya kuume." Tone jekundu. "Mi nilitaka kuona kama utakamata. Tata Kalenga alisema nini? Moteur haipimwe bila muzigo."

"Na kama ningekamata?"

"Ningebakia na weye." Kichupa kilimteleza, rangi ikamwagika kidogo juu ya kidole cha Mukalay. "Ningebakia, na kila siku mama akikohoa kule mbali, mi ningekuchukia kidogo. Kidogo kidogo, mpaka ingejaa. Ya nyuma."

Akakaza kwa nguvu zake zote na kwa akili zake zote. Hakuwahi kufanya kazi safi kama ile, na kila buloni iliyoshika ilikuwa inamwondoa Ndaya. Alijua. Akaendelea mpaka ya mwisho, ile ya pembeni kabisa, iliyo karibu na chumba cha dereva. Ikalia, ikashika.

Ndaya akafunga kichupa.

"Umesahau moya," Mukalay alisema. "Ile ya pembeni."

"Mi?" Kwa mara ya kwanza siku ile macho yake yalifika na kitu ndani yake, si kicheko, lakini jirani yake. "Mi nasahau?"

Akachukua kifuniko akakilaza juu ya buloni zote, zenye rangi na ile isiyo nayo, akaanza kukaza skrubu zake mwenyewe. "Ku Mwene-Ditu, kule Kasai, kuko ndugu ya tata, karibu na stesheni. Tata atafunga mulango. Utapiga hodi. Atafunga tena." Akateremka kutoka kwenye bampa. "Mama akipona, labda nitafungua mi. Akikosa kupona, usikuye."

Hakumpa mkono. Alipita karibu naye, bega likagusa bega, akapanda.

Sadiki aliwasha. Nafisa hakutoa moshi. Watu walipandisha magodoro, tata Mukuna akapanda na saa yake bila kugeuka nyuma, na lori likaanza kula kilima, gia moja, likashika nyingine. Mukalay alisimama barabarani akisikiliza kama daktari. Silinda zote zilipiga sawa. Hakuna maji yaliyovuja, hakuna buloni iliyolalamika. Na ndani ya mngurumo ule safi, wazi kama kosa katika mashine nzuri, alisikia kikohozi. Kikapanda kilima, kikapinda kona, na hata lori lilipoacha kusikika yeye aliendelea kukisikia.

Mwenze alikuja akisukuma baiskeli yake.

"Wamepona?"

"Gari imepona." Mukalay aliangalia kidole chake chenye rangi nyekundu. "Mwenze, toka huku mpaka Mwene-Ditu, baiskeli inaweza kufika?"

"Baiskeli inafika fasi yote. Ni matako njo inashindwaka."

Mukalay akafunga mfuko wa funguo, akaupachika begani.

"Basi unirudishe kwanza Kolwezi," alisema. "Niko na mama yangu ya kuambia kwamba ninaenda."